Kasha la duaradufu kwa msumeno wa skroli: ndani kwanza, nje mwisho

Kasha linalokatwa kwa msumeno wa skroli (mashine yenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka) halina viungo vya pembeni. Ukuta wake wote unatoka kwenye kigogo kimoja cha mbao, kwa hiyo hakuna kona za kuunganisha wala pembe za kukisia. Lina maadui wawili: wembe usiosimama wima, na hatua zilizopangwa ovyo. Anayekata umbo la nje mapema hubaki na kitu cha mviringo kisichoshikika kwenye jiliwa, kisha kila kosa linalofuata linamfuata hadi kwenye kifuniko. Katika mwongozo huu mbao zinabaki na pembe nne hadi karibu mwisho wa kazi.

Kasha tunalotengeneza ni la duaradufu, milimita 160 kwa 110 kwa nje, ukuta wa milimita 10, kimo cha milimita 42 bila kifuniko. Kimo hicho kina sababu. Misumeno mingi ya skroli hukata unene usiozidi milimita 50, na mkato wa nje utapita kwenye ukuta na kitako kwa pamoja. Ukitaka kasha refu zaidi, itabidi ukate pete moja moja na kuziunganisha baadaye, na hiyo ni kazi nyingine yenye msasa mwingi mno. Kifuniko kina unene wa milimita 6, kimetiwa njumu ya majani matatu (urembo wa mbao ya rangi nyingine uliopachikwa ndani yake), na chini yake kuna ulimi wa milimita 6 unaoingia mdomoni mwa kasha.

Vitu vya kuandaa

- Mbao mbili za unene wa mm 18, kila moja mm 180 × 130 (kigogo)
- Mbao mbili za mm 6, kila moja mm 180 × 130 (kitako na kifuniko)
- Ubao mmoja wa mm 6, mm 150 × 100 (ulimi)
- Ubao mmoja wa mm 6 wa rangi tofauti kabisa, mm 180 × 130 (njumu)
- Nyembe zisizo na pini (vijiti vya kukingama kwenye ncha zake): sita za namba 9 na nne za namba 2
- Gundi nyeupe ya mbao, gundi ya kupuliza, tepu ya karatasi, tepu pana ya plastiki, tepu ya pande mbili
- Msasa namba 80, 120, 180, 240 na 320
- Drili yenye biti za mm 1 na mm 3, skwea ndogo (kipimo cha pembe mraba), majiliwa yasiyopungua manne

Nyembe sita kwa kasha moja zinaweza kuonekana nyingi. Mzunguko wa nje ni karibu milimita 430 na wa ndani karibu 365, vyote kwenye mbao nene, na wembe butu ndio chanzo cha nusu ya matatizo ya kazi hii. Wembe ni kitu cha kutumika na kutupwa.

Mbao

Kwa mara ya kwanza chagua mkangazi au mbao nyingine ya ugumu wa wastani yenye nyuzi tulivu. Msonobari unakatika haraka, lakini pete zake zina tabaka laini na tabaka gumu zikipishana; wembe unateleza kufuata laini, mstari unapinda, na upande wa chini unachanika. Msaji unapendeza ila una chembe za silika zinazomaliza meno ya msumeno, tena una mafuta: futa sehemu za kugundisha kwa spiriti dakika chache kabla ya kupaka gundi. Mpingo uache kwa ajili ya njumu peke yake. Kwenye milimita 6 unakatika vizuri na kingo zake zinatoka kali. Kwenye milimita 42 utakula nyembe zote na bado kuta zitaungua.

Plaiwudi haifai kwa kigogo kwa sababu tabaka zake zitaonekana ukutani na gundi yake inafubaza meno. Kwa mazoezi lakini, hakuna kinachoshinda masalio ya mbao yoyote yenye unene unaofanana na kazi yenyewe.

Mbao iwe imekauka, unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Kama huna kipima unyevu, iweke kwenye chumba utakachofanyia kazi na uipime uzito kila baada ya siku mbili tatu; uzito ukiacha kushuka, ubao umezoea hewa ya pale. Ubao wa milimita 6 uliobeba unyevu utakunjamana ukishapigwa vanishi, na kifuniko kitakaa kwa kuyumba.

Kuusimamisha wembe

Chomoa waya wa umeme kwanza. Meno yatazame mbele na chini. Pitisha kidole polepole kutoka chini kwenda juu ya meno: kidole kikikwama, meno yanatazama chini, kikiteleza, umegeuza wembe. Wembe uliowekwa juu chini huinua ubao na kuupigapiga mezani mara tu unapowasha mashine.

Kaza hadi wembe, ukiudonoa, utoe mlio mwembamba na safi. Ukiusukuma katikati kwa kidole usihame zaidi ya milimita 3. Wembe uliolegea hutanga, uliokazwa kupita kiasi hukatika kwenye vishikio.

Sasa wima. Usiamini kipimo cha digrii kilichochorwa chini ya meza. Hicho ni cha kukadiria tu. Weka skwea mezani na uisogeze hadi iguse wembe, kisha fanya jaribio hili ambalo ni kali kuliko skwea: chukua kipande cha masalio chenye unene wa milimita 40, kata ukingoni mwake mfereji wa kina cha milimita 2, zima mashine. Kizungushe kile kipande bila kukipindua, mfereji uje nyuma ya wembe. Mgongo wa wembe ukiingia mferejini juu hadi chini bila kugoma, meza imenyooka. Ukiingia juu na kugoma chini, au kinyume chake, rekebisha meza na urudie. Kosa la digrii moja kwenye unene wa milimita 42 linahamisha mstari kwa karibu milimita 0.7, na kwa kuwa ukuta una pande mbili za kukatwa, utaliona kwa macho.

Kuna tabia nyingine ya wembe inayowachanganya wanaoanza. Nyembe nyingi, zinavyotengenezwa, hubaki na ncha kali zaidi upande mmoja, kwa hiyo mkato huvutwa upande huo. Ukisukuma ubao moja kwa moja mbele, mstari utahama. Chora mstari mnyoofu kwenye masalio, ukate, na uangalie ubao unatakiwa kuinamishwa kiasi gani ili mstari ufuatwe. Digrii 3 hadi 5 ni kawaida. Hilo si kosa la meza. Rudia kila unapobadilisha aina ya wembe.

Mchoro

Duaradufu inachorwa kwa misumari miwili na uzi usiovutika. Chora mistari miwili inayokatana kwa pembe mraba katikati ya karatasi. Kwa umbo la nje, weka misumari kwenye mstari mrefu, kila mmoja milimita 58 kutoka katikati. Funga uzi kuwa kitanzi chenye urefu wa jumla wa milimita 276, uzungushe kwenye misumari, tia penseli ndani ya kitanzi, ikaze na uizungushe. Kwa umbo la ndani misumari iwe milimita 53 na nusu kutoka katikati, na kitanzi kiwe milimita 247. Utapata duaradufu ya 140 kwa 90. Kihesabu, maumbo haya mawili hayako sambamba kabisa, lakini tofauti ya unene wa ukuta haifiki robo milimita, msasa utaila.

Funika uso wa juu wa ubao kwa tepu ya karatasi, kisha puliza gundi nyuma ya mchoro na uubandike juu ya tepu. Mwisho wa kazi tepu inabanduka na kila kitu. Ukibandika karatasi moja kwa moja kwenye mbao, utaishia kuilowesha kwa tapentaini na kukwangua. Juu ya mchoro ongeza tepu pana ya plastiki inayoonyesha. Inaulainishia wembe njia, na mbao ngumu haziungui kirahisi.

Kigogo

Gundisha zile mbao mbili za milimita 18 kabla ya kukata chochote. Nyuzi zote ziende upande wa urefu, na hili litahusu pia kitako, kifuniko na ulimi: mbao hupanuka na kusinyaa kukatisha nyuzi, na vipande vyenye nyuzi za mwelekeo mmoja hutembea pamoja bila kupasuana. Ukipenda mstari wa rangi kuzunguka kasha, tia ubao wa milimita 3 katikati ya hizo mbili. Kimo kitakuwa 45, bado msumeno unaumudu.

Mbao zenye gundi mbichi huteleza jiliwa linapobana. Pigilia misumari miwili midogo kwenye kona mbili zinazokabiliana za ubao wa chini, nje kabisa ya mstari wa duaradufu, kata vichwa vyake vibaki milimita 2, kisha bonyeza ubao wa juu hapo. Kona hizo zitaanguka kama mabaki. Zizungushie alama nyekundu ili usije ukapitisha wembe juu ya msumari.

Gundi iwe tabaka jembamba uso mzima, majiliwa manne yabane kwa usawa, shanga ndogo za gundi zitokeze kuzunguka ukingo. Zisipotokeza, gundi ni chache. Zikitiririka, ni nyingi. Fungua baada ya saa moja, lakini uache kigogo saa 24 kabla ya kukikata. Gundi ambayo haijakomaa hulainishwa na joto la wembe, inaganda kwenye meno, na wembe mpya unageuka butu ndani ya dakika.

Kukata ndani

Toboa tundu la milimita 3 ndani ya sehemu itakayotolewa, kama milimita 5 kutoka mstarini, upande mrefu wa duaradufu. Weka ubao wa mabaki chini ili biti isichane mbao inapotokeza. Chagua upande mrefu na si ncha kwa sababu alama ya kuingilia itabidi isafishwe kwa msasa, na kusafisha sambamba na nyuzi ni rahisi kuliko kwenye mbao iliyokatwa mkingamo, ambako nyuzi zinakutazama kwa ncha zake.

Pitisha wembe namba 9 tunduni, ufunge, ukaze, na ukaribie mstari kwa mshazari, usiuvamie kwa pembe mraba. Kata kwa kubakiza mstari upande wa ukuta. Kasi ya mashine iwe ya kati.

Hapa ndipo subira inapolipa. Wembe wa namba 9 una upana wa karibu milimita 1.35 na unene wa chini kidogo ya nusu milimita. Ukisukuma kwa nguvu, hauwezi kukata haraka zaidi. Unapinda tu kama upinde. Juu utaona mkato uko sawasawa kwenye mstari, chini umehama kwa milimita nzima, na ukuta unatoka na tumbo. Dalili inasikika kabla ya kuonekana: sauti ya mashine inazama, na ubao unaanza kutetemeka. Punguza mkono hadi sauti irudi. Kazi yako ni kuongoza, meno ndiyo yanayokula mbao. Kwenye mzingo, legeza mkono mara kwa mara na utulie sekunde moja bila kusukuma, wembe unyooke wenyewe, ndipo uendelee.

Ukiona moshi au rangi ya kahawia ukutani, badilisha wembe papo hapo. Wembe ukikatika, zima mashine na usubiri isimame kabisa ndipo uinue kishikizo cha ubao. Vaa miwani ya kinga na barakoa muda wote. Vumbi la mninga na mvule huwawasha wengi puani na kwenye ngozi.

Kiini kilichotoka ndani usikitupe. Kiandike mshale unaoonyesha mbele na juu, na uandike mshale kama huo kwenye kigogo. Hicho ndicho kigezo cha ulimi.

Msasa wa ndani, kisha kitako

Ukuta wa ndani upigwe msasa sasa, wakati kigogo kiko wazi pande zote mbili na mwanga unapita. Viringisha msasa namba 80 kwenye kijiti cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 30 hivi, ondoa alama za msumeno, kisha 120 na 180. Usiegemee mdomoni. Ukingo wa juu ukifanywa mviringo au kuchongwa kwa msasa, ulimi utacheza.

Uso wa juu wa kitako, ule utakaoonekana ndani, nao usuguliwe hadi 180 kabla ya kugundishwa. Baada ya hapo mkono hauufikii vizuri.

Paka gundi kwenye kigogo, si kwenye kitako, na iishie milimita 3 kabla ya ukingo wa ndani. Jiliwa litaisukuma hadi ukingoni. Bana kwa majiliwa kwenye kona na pande. Gundi itakayotokeza ndani usiifute kwa kitambaa chenye maji. Maji yanaisambaza ndani ya vinyweleo vya mbao, haionekani hadi unapopaka vanishi, ndipo mabaka meupe yanapojitokeza. Subiri dakika 20 hadi 30 iwe kama mpira, kisha iinue kwa ncha ya patasi. Hutoka kama uzi.

Kukata nje

Kigogo sasa kina unene wa milimita 42 na bado kina pembe nne. Hakikisha wima tena kwa jaribio la mfereji. Funga wembe mpya wa namba 9, ingia kutoka ukingoni mwa ubao, na ufikie mstari katikati ya upande mrefu. Zunguka taratibu, ukibakiza mstari. Kwenye ncha mbili za duaradufu wembe unakata nyuzi kwa kukingama: hapo ndipo panapoungua haraka, kwa hiyo badilisha wembe kabla ya kufika ncha ya pili hata kama unaona wa kwanza bado una nguvu.

Mwisho wa mzunguko, mkato ukikutana na mwanzo wake, kitabaki kijinundu kidogo. Usijaribu kukikata kwa kurudi nyuma. Msasa namba 80 uliobandikwa kwenye kibao bapa utakiondoa. Kwa ukuta mzima piga msasa kwa mikono mirefu inayofuata mzingo. Ukisugua sehemu moja fupi fupi utachimba mabonde yanayoonekana mwanga ukipita pembeni.

Njumu ya kifuniko

Kupachika ubao wa rangi moja ndani ya mwingine kwa msumeno wa skroli kunategemea meza iliyoinamishwa. Mbao mbili zimelazwa moja juu ya nyingine na kukatwa kwa pamoja. Meza ikiwa imelala kidogo, kipande kinachotoka ni kipana juu na chembamba chini, kwa hiyo kipande cha ubao wa juu ni kikubwa kidogo kuliko kile cha ubao wa chini, kwa kiasi kile kile ambacho wembe ulikula. Kikishushwa kwenye tundu la ubao wa chini, kinakaza bila mwanya.

Kwa hiyo ubao wa njumu unakaa juu, wa kifuniko unakaa chini. Zishike pamoja kwa misumari midogo kwenye kona, nje ya umbo la kifuniko. Au kwa tepu ya pande mbili, ila tepu isiwe chini ya majani yenyewe.

Pembe inatokana na unene wa mkato na unene wa ubao. Wembe wa namba 2 huacha mkato wa karibu milimita 0.3 hadi 0.4, kwenye ubao wa milimita 6 pembe inayofaa huangukia kati ya digrii 3 na 4. Anza na 3 kwenye masalio yenye unene ule ule. Kipande kikipita tundu na kuangukia chini, ongeza nusu digrii. Kikigoma kushuka na kubaki kimesimama milimita 2 juu, punguza. Kinachotafutwa ni kibaki juu kwa nusu milimita hivi kikibonyezwa kwa gumba, ndipo msasa ukisawazishe. Kutoka mtengenezaji mmoja wa nyembe hadi mwingine pembe inabadilika, hivyo jaribio halirukwi.

Meza ikishuka upande wa kushoto, jani unalolitoa libaki kushoto mwa wembe mzunguko mzima. Kanuni ni hiyo moja: umbo likae upande wa meza ulioshuka. Ukizunguka kinyume, kipande kitakuwa chembamba juu na kitaanguka tunduni moja kwa moja, na hapo hakuna la kuokoa.

Majani matatu ya urefu wa milimita 35 hadi 40, yenye ncha mbili kila moja, yanatosha kwa kifuniko hiki. Toboa tundu la milimita 1 kwenye ncha ya jani, huku drili ikiinama kwa pembe ile ile ya meza. Pini za wembe haziwezi kupita hapo, ndiyo maana tumetaka nyembe zisizo na pini. Kata jani moja, lipachike, lipake gundi kidogo ukingoni, libonyeze kwa kibao, kisha uende kwa linalofuata. Kwenye ncha kali, fika hadi mwisho, rudi nyuma kidogo ndani ya jani lenyewe na ugeuze wembe mahali ulipoacha nafasi; ukigeuza ghafla kwenye kona, ncha inakatika. Vitundu vya kuingilia vijazwe kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mbao ile ile ya jani.

Gundi ikikauka, sawazisha kwa msasa namba 120 uliofungwa kwenye kibao. Kama umetumia mpingo au mninga ndani ya mbao nyeupe, kuna mtego: unga mweusi au mwekundu unaingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe na kuifanya ionekane chafu. Paka tabaka moja jembamba la shelaki (aina ya vanishi inayokauka haraka) juu ya kifuniko kizima kabla ya kusugua, na upulize vumbi kila baada ya misuguo michache. Tepu ya karatasi ikibandikwa na kubanduliwa huondoa vumbi lililobaki kuliko kitambaa.

Rudisha meza kwenye sifuri na ufanye jaribio la mfereji kwa mara ya tatu. Ukisahau hapa, kifuniko kitakuwa na ukingo ulioinama.

Ulimi na kifuniko

Weka kile kiini juu ya ubao wa ulimi, chora kukizunguka, hamisha mshale, na ukate ndani kidogo ya mstari wa penseli. Wembe ulishakula karibu nusu milimita kila upande wakati wa kutoa kiini, na msasa wa ndani umeongeza kidogo, kwa hiyo ulimi utaingia ukiwa na nafasi ndogo. Ujaribu. Nafasi ya milimita 0.5 hadi 0.75 kuzunguka inafaa. Ikibana zaidi, tabaka za vanishi zitaimaliza na kifuniko kitakwama siku za mvua. Kwa kuwa duaradufu iliyokatwa kwa mkono haiko sawa kabisa pande zote, ulimi utaingia vizuri kwa mwelekeo mmoja tu, ule wa mshale.

Umbo la nje la kifuniko lichore kwa kuzungusha penseli kwenye kasha lenyewe, kisha ongeza milimita 2. Kuna wanaopenda kifuniko kilingane sawasawa na ukuta. Kinapendeza siku ya kwanza, lakini mbao zikitembea kidogo utaona ngazi upande mmoja. Ukingo uliotokeza milimita 2 unaficha hilo na unawapa vidole pa kushika. Hakikisha majani yako katikati kabla ya kukata.

Kuuweka ulimi katikati ya kifuniko kwa rula ni kujitafutia balaa. Acha kasha likufanyie. Weka ndani ya kasha vibao vyenye jumla ya unene wa milimita 30, ongeza kipande cha kadibodi, ulaze ulimi juu yake. Utatokeza juu ya mdomo kwa chini ya milimita moja. Tia vipande vya karatasi kati ya ulimi na ukuta kuzunguka ili nafasi iwe sawa. Funika mdomo kwa utando mwembamba wa plastiki wenye tundu la kuuacha ulimi wazi, paka gundi kidogo juu ya ulimi, shusha kifuniko kwa mwelekeo wa mshale, weka uzito wa kilo mbili. Baada ya dakika 20 kinyanyue kwa uangalifu, kibane kwa majiliwa, na uache gundi ikomae.

Kumalizia

Kasha lote lipigwe msasa 180 kisha 240, ukivunja kingo kali kwa misuguo miwili mitatu tu. Futa vumbi. Vanishi tatu nyembamba, kila moja ikauke kabisa na isuguliwe kidogo kwa namba 320 kabla ya inayofuata. Tabaka nene hutiririka ukutani na kukusanyika pale kifuniko kinapokutana na ulimi.

Wanaotumia mafuta ya kitani watandaze vitambaa vilivyolowa nje vikauke vikiwa vimefunguliwa, au waviloweshe maji ndani ya kopo la chuma. Vikirundikwa vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Ndani ya kasha mafuta hayafai: kwa kuwa hewa haipiti, harufu hukaa miezi. Ndani paka shelaki au nta.

Ukitaka kutandika mahameli ndani ya kasha, kata kadibodi yenye umbo la kitako cha ndani ikiwa pungufu kwa milimita 1.5 kuzunguka, funika kwa kitambaa, kunja kingo chini na kuzigundisha nyuma ya kadibodi. Kata vipasuo vidogo kwenye mkunjo kila sentimita moja kwenye ncha mbili za duaradufu, la sivyo kitambaa kitajikusanya na kuinua kadibodi. Kisukume ndani bila gundi; kikichakaa, kitatolewa na kubadilishwa.